Mti wa Krismasi Usiishie Jalalani

Maneno yaliyotolewa kwa kamati za parokia na vigango, pamoja na wafadhili waliotutembelea, Tumati, wilayani Mbulu, katika maandalizi ya Majilio

Tumsifu Yesu Kristo!

Tunajua kwamba msimu huu kila mtu ana shughuli zake shambani. Mvua ikianza, jembe halingoji mkutano. Kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe.

Tumeombwa kuzungumzia utunzaji wa mti wa Krismasi nyumbani. Huenda wapo wanaojiuliza kama hilo ni jambo la shirika la maendeleo. Tunazungumzia visima, mikopo ya akina mama, ada za watoto. Mti wa Krismasi unaingiaje hapo? Tunaomba mtuvumilie kidogo. Tunaamini kwamba mti ule mdogo unaowekwa pembeni ya pango la Noeli unaweza kutufundisha jambo ambalo semina nyingi za mazingira zimeshindwa kutufundisha.

DESTURI ILIKOTOKA

Mti wa Krismasi hautajwi katika Injili. Mtoto Yesu alizaliwa penye hori la ng'ombe, na hilo sisi wafugaji wa Mbulu na Hanang tunalielewa bila kuhubiriwa. Desturi ya kupamba mti ilikua katika nchi za Wajerumani. Mwaka 1605 imeandikwa kwamba watu wa Strasbourg walikuwa wakisimamisha miti ndani ya nyumba zao na kuipamba. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapisha picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiwa wameuzunguka mti, na tangu hapo desturi ikaenea upesi Uingereza na Marekani. Kwetu ililetwa na wamisionari na Wazungu wengine. Huko Vatikani, mti wa Krismasi ulianza kusimamishwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili.

Ndugu zetu wa Norwe, ambao watu wa Mbulu wanawafahamu tangu hospitali ya Haydom ilipofunguliwa mwaka 1955, nao wana historia yao. Kila mwaka tangu 1947, mji wa Oslo huwapelekea watu wa London mti mkubwa wa Krismasi, kuwashukuru kwa msaada wao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mti huo husimama katika uwanja wa Trafalgar, na sikukuu ikiisha husagwa ukawa matandazo ya bustani.

Lakini tusisahau tofauti moja kubwa. Katika nchi hizo, miti mingi ya Krismasi hupandwa mashambani kama sisi tunavyopanda kabichi. Mkulima hupanda, hupalilia miaka kadhaa, huvuna na kuuza, kisha hupanda tena. Anayeukata mti wake amevuna alichopanda. Kwetu sisi, kijana anayetumwa msituni na panga siku chache kabla ya Krismasi anavuna kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanda. Desturi ni ileile, lakini hesabu yake ni nyingine.

TUNACHOKATA NI KITU GANI?

Tuangalie hali yetu. Mara nyingi mti wa Krismasi katika maeneo yetu ni msaiprasi mchanga, au ncha ya msaiprasi mkubwa. Mahali pengine ni msonobari. Na pale ambapo msitu wa asili uko karibu, kuna kishawishi cha kukata mtarakwa au mpodo mchanga, kwa sababu umbo lake ni zuri na hauna mwenyewe wa kugomba.

Mtarakwa si mti wa kuchezea. Ni mti wa asili wa milima yetu yenye ukame kiasi. Mbao zake haziliwi na mchwa, na ndiyo maana wazee waliupenda kwa nguzo na vigingi. Lakini hukua polepole mno. Mti wenye urefu wa mtoto wa darasa la pili unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Tukiukata kwa ajili ya siku 10 za mapambo, tumekata nguzo ya nyumba ya wajukuu.

Na misaiprasi je? Hii tumeipanda wenyewe. Hata hivyo, kukata ncha ya mti unaokua ni hasara. Shina hupoteza uongozi wake, matawi ya pembeni hushindana kuchukua nafasi hiyo, na mti huwa na panda. Panda haipasuliwi mbao nzuri. Mwenye shamba amepoteza fedha yake kwa tawi lisilofika hata mita 2.

Msitu wa Hifadhi wa Nou, katika miinuko ya Mbulu na Babati, ni chanzo cha maji kwa watu wengi walio chini yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kukata miti katika msitu wa hifadhi bila kibali, na sheria hiyo haina likizo ya Krismasi. Wala hatudhani ni heshima kwa Kanisa kupamba altare kwa mti ulioibwa. Tunalisema hili kwa upole, lakini tunalisema.

Wapendwa, sote tunakumbuka tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima ililowa maji mengi ikashindwa kujishikilia, ikamomonyoka. Hatusemi, na mtu yeyote asitunukuu hivyo, kwamba msiba ule uliletwa na mtu aliyekata mti wa Krismasi. Tunasema hivi tu: watu tunaoishi chini ya milima tuna sababu ya kuheshimu kila mzizi unaoshika udongo. Na Majilio, kwa watu wa Hanang na Mbulu, hayatakuwa tena majira ya mapambo peke yake.

MGENI SIKU MBILI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaona methali hii inaufaa kabisa mti wa Krismasi. Tuukaribishe ndani kama mgeni, tumpe heshima ya mgeni, watoto wamfurahie. Lakini siku zake zikiisha, tusimtupe jalalani. Tumpe kazi. Na kazi ya mti ni kusimama ardhini.

Maana yake ni kwamba badala ya kukata mti, tuingize ndani mche ulio hai, ukiwa na mizizi yake, ndani ya kopo au ndoo. Baada ya sikukuu tunaupanda. Mungu ametujalia kwamba kwetu Krismasi huja wakati wa mvua. Ndugu zetu wa Ulaya wakitoa mti wao nje mwezi Januari wanakuta ardhi imeganda kwa barafu. Sisi tukitoa wetu tunakuta udongo umelowa na miezi kadhaa ya mvua iko mbele. Hakuna majira bora zaidi ya kupanda. Wakati tunaiga pamba juu ya matawi ili ifanane na theluji ya kwao, tumeisahau mvua ambayo ni zawadi ya kwetu.

Nabii Isaya, sura ya 11, ambayo husomwa Majilio, anatuambia juu ya chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Shina lilikuwa limekatwa. Watu walidhani habari imekwisha. Kumbe mizizi ilikuwa hai. Ikiwa tunataka ishara ya tumaini hilo sebuleni mwetu, mche wenye mizizi unasema vizuri zaidi kuliko tawi linalokauka.

NAMNA YA KUUTUNZA NDANI YA NYUMBA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tunaomba makatibu waandike, ili ujumbe ufike kwenye jumuiya.

Kwanza, chagua mche mdogo. Mche wa sentimita 30 hadi 60 unatosha. Uweke juu ya meza au kigoda, nao utaonekana vizuri. Mti mrefu kama mtu hauwezi kuhamishwa ukiwa na mizizi yake bila kuumia. Familia inayotaka mti mkubwa ipambe ule uliosimama uani.

Pili, andaa chombo mapema, wiki 3 au 4 kabla ya Krismasi, ili mche uzoee. Kopo la rangi la lita 4, ndoo iliyopasuka au debe la zamani vyote vinafaa, mradi vioshwe vizuri. Toboa matundu chini, maana mizizi ikikaa ndani ya maji huoza. Weka kokoto kidogo, kisha mchanganyiko wa udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri na mchanga. Kata kiriba taratibu, uutoe mche pamoja na udongo wake, upande bila kuuvunja mzizi. Funika kopo kwa kitenge au karatasi ya rangi, na hakuna atakayejua lilikuwa la rangi.

Tatu, angalia mahali pa kuuweka. Mti unahitaji mwanga, na haupendi moshi wala joto la jiko. Uweke karibu na dirisha au mlango. Nyumba zetu nyingi zina mwanga mdogo. Kwa hiyo tunashauri utaratibu ambao watoto wanaupenda: mchana mti ukae barazani, jioni uingie ndani. Hakikisha tu kwamba barazani mbuzi hafiki.

Nne, maji. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu hadi kwenye pingili ya kwanza, mpe kikombe kimoja. Ukiwa na unyevu, acha. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Mpe mtoto mmoja jukumu hilo, ajulikane kuwa ndiye mwenye kikombe. Wote wakiambiwa wamwagilie, hakuna atakayemwagilia, au wote watamwagilia siku moja.

Tano, mapambo yawe mepesi: karatasi, vitambaa, mbegu zilizotungwa kwenye uzi. Tusifunge waya shinani wala kupigilia misumari. Tusipulizie rangi kwenye majani, maana majani ndiyo yanayopumua.

Sita, na hili tunaliomba kwa msisitizo: mishumaa isiwekwe juu ya mti wala chini yake. Majani ya msaiprasi na msonobari yana utomvu, na yakikauka hushika moto kwa ghafla sana. Ukiongeza pamba na karatasi, na nyumba ikiwa imeezekwa kwa nyasi, moto hautangoja mtu akatafute maji. Mishumaa ikae kwenye meza nyingine, mbali na mti na mbali na watoto. Taa ndogo ya sola inatosha kuangaza pango.

Saba, mti usikae ndani zaidi ya siku 10. Ifikapo Tokeo la Bwana, mapema mwezi Januari, uwe tayari kwenda shambani.

KWA ANAYETUMIA TAWI

Tunajua kwamba si kila nyumba itapata mche mwaka huu. Anayetumia tawi afanye hivi. Achukue tawi la chini la msaiprasi wake mwenyewe, au la jirani aliyempa ruhusa. Misaiprasi inayotunzwa kwa ajili ya mbao hupogolewa matawi ya chini hata hivyo, kwa hiyo hapo hakuna hasara. Ni faida mbili kwa kazi moja. Asikate ncha.

Kabla ya kulisimamisha, akate tena kipande kidogo cha mwisho wa tawi kwa msumeno mkali, kisha aliweke mara moja kwenye ndoo yenye mawe na maji. Maji yaongezwe kila siku, maana siku za mwanzo tawi hunywa mengi. Njia ya kupima ni rahisi: kunja kijitawi kidogo. Kikikunjika, bado kina maji. Kikivunjika kwa sauti, toa tawi nje siku hiyohiyo, hata kama Mwaka Mpya haujafika. Lisichomwe jikoni ndani ya nyumba. Likatwekatwe, liwe matandazo kwenye migomba au matandiko ya zizi.

Kuna jambo jingine kuhusu matawi ambalo wengi hawalijui. Misaiprasi ina adui, wadudu wadogo wa jamii ya vidukari, wanaofyonza utomvu hadi matawi yakageuka rangi ya kahawia. Katika Afrika waliripotiwa kwanza Malawi mwaka 1986, na ndani ya miaka michache walikuwa wamefika Tanzania na Kenya, wakaleta hasara kubwa kwenye mashamba ya miti. Wanashambulia hata mtarakwa wetu. Tawi lenye wadudu likibebwa juu ya basi kutoka kijiji kimoja hadi kingine, wadudu nao wamepata usafiri wa bure. Basi tusisafirishe matawi. Na mche ukaguliwe kabla ya kuingia nyumbani: ukiona ute unaonata, masizi meusi kwenye matawi, au matawi ya ndani yamekufa, uache hapohapo.

MTI GANI?

Si lazima mti wa Krismasi uwe na majani ya sindano. Hakuna andiko linalosema hivyo. Katika sehemu nyingi za Tanzania, watu huuita mkrismasi ule mti mkubwa wa kivuli unaochanua maua mekundu mwezi Desemba. Haukatwi, hauingizwi ndani, na bado watu wakiuona wanajua sikukuu imekaribia.

Hapa kwetu tunashauri hivi. Msaiprasi hukua haraka na una soko la mbao, lakini usipandwe karibu na chemchemi wala katikati ya mahindi, kwa sababu hushindania maji na kukandamiza mazao. Mtarakwa na mpodo ni miti ya asili. Ni ya mtu mwenye subira na mwenye wajukuu. Mgrevilea unakaa vizuri mpakani mwa shamba pamoja na mazao. Mparachichi nao unafaa sana: mtoto aliyeupamba akiwa darasa la kwanza atakula matunda yake kabla hajaoa.

Wapo wanaouliza kuhusu mti wa plastiki. Aliye nao autumie miaka mingi, asiutupe. Kilichokwisha kununuliwa kitunzwe. Lakini hauwezi kupewa jembe.

SIKU YA KUPANDA

Chimba shimo mapema, kabla ya Krismasi, lenye upana na kina cha sentimita 45 hadi 60. Udongo wa juu uweke upande wake, na wa chini upande wake. Changanya udongo wa juu na samadi, na huo ndio uurudishe kuzunguka mizizi. Toa mche kwenye kopo kwa uangalifu. Mizizi iliyoanza kujizungusha inyooshwe kwa vidole. Upandwe kwa kimo kilekile ulichokuwa nacho, shina lisizikwe. Shindilia kwa mguu, siyo kwa nguvu. Miti mikubwa kama msaiprasi ikae angalau mita 10 kutoka nyumbani.

Hapo ndipo watu wengi wanaposhangilia na kuondoka. Lakini mche haufi siku ya kupandwa. Unakufa Agosti. Kuanzia Juni mvua imekwisha, upepo ni mkali, mazao yameshavunwa na mifugo imeachiwa mashambani kula mabua. Mche wa Krismasi unapambana na ukame na meno ya mbuzi kwa wakati mmoja. Hivyo, kabla ya mwisho wa Mei, uzungushiwe uzio wa miiba, uwekewe matandazo mazito yasiyogusa shina, na pembeni yake ifukiwe chupa ya plastiki yenye tundu dogo chini. Chupa ikijazwa maji mara moja kwa wiki, maji huenda moja kwa moja kwenye mizizi. Mama aliyebeba ndoo kutoka mbali hawezi kuombwa amwage maji juu ya vumbi.

MCHE WENYE MWENYEWE

Ndugu zetu, sasa tuseme jambo tulilokuja kulisema. Miche katika nchi yetu haifi kwa kukosa fedha ya kuinunua. Inafa kwa kukosa mwenyewe. Siku ya upandaji kunakuwa na ngoma, hotuba na picha. Mwezi unaofuata, ukiuliza mche ule ni wa nani, unajibiwa kwamba ni wa mradi. Na mradi hauna mikono ya kubeba maji.

Hapa mkoani Manyara tuna mfano mzuri wa nguvu ya mtu kuwa na chake. Katika msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, miaka ya 1990 mwanzoni serikali ilikuwa na mpango wa kuufanya msitu kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga, wakaomba wautunze wenyewe. Wakapewa nafasi, wakagawana maeneo kijiji kwa kijiji, wakatunga sheria zao na kuweka walinzi wao. Msitu uliokuwa ukimalizwa ukaanza kupona, na mfano huo ukasaidia kufungua njia ya misitu ya vijiji nchi nzima. Miti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jibu la swali: huu ni wa nani?

Mti wa Krismasi unajibu swali hilo kwa lugha ya mtoto. Mche uliokaa sebuleni siku 10, ukavikwa nyota ya karatasi aliyoikata yeye mwenyewe, ukanyweshwa kwa kikombe chake, hauwezi tena kuwa mche wa mradi. Ni mti wake. Atauchungulia akitoka shule. Atamfukuza mbuzi bila kuambiwa. Hakuna semina inayoweza kununua moyo huo. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alituita tuitunze dunia kama nyumba yetu ya pamoja. Kwa mtoto wa Tumati, nyumba hiyo inaweza kuanzia kwenye kopo la rangi.

MAOMBI YETU KWA KAMATI

Tunaomba kamati za parokia na vigango zikubaliane mambo manne.

Moja: kanisa lolote lisipambwe kwa mti uliokatwa msituni. Kila kigango kipande mti mmoja karibu na kanisa, nao upambwe palepale uliposimama, mwaka hata mwaka.

Mbili: kila jumuiya ndogondogo iwe na kitalu kidogo. Msaiprasi unaotakiwa Desemba usiwe mbegu ya Novemba. Mbegu ziwekwe kitaluni mwanzoni mwa mwaka. Mtarakwa unahitaji muda mrefu zaidi. Vijana na watoto wa Utoto Mtakatifu wakabidhiwe kazi hiyo.

Tatu: miche ibarikiwe kanisani katika Dominika ya mwisho ya Majilio, kwa ridhaa ya paroko, na kila familia iondoke na wake. Mjane na mzee asiyeweza kuchimba shimo wachimbiwe na vijana.

Nne: kila jumuiya iwe na daftari. Liandikwe jina la familia, aina ya mti, tarehe ya kupandwa, na hali yake wakati wa Pasaka, mwezi Oktoba, na Krismasi inayofuata. Uliokufa uandikwe umekufa, na sababu yake iandikwe. Daftari lisiloandika kifo halitatusaidia kuokoa uhai.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Kwenu ndugu wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua kwamba nanyi mnadaiwa taarifa na waliowatuma, na taarifa inapenda namba kubwa. Idadi ya miche iliyopandwa ni rahisi kuipata: unaihesabu siku moja, ikiwa bado mibichi. Tunawaomba mtudai namba nyingine, ambayo ni ngumu zaidi. Tuulizeni ni miti mingapi iko hai Krismasi inayofuata. Namba hiyo itakuwa ndogo, na pengine itatuaibisha mwaka wa kwanza. Lakini ndiyo namba yenye kivuli.

Na msaada tunaouomba si mkubwa. Tunahitaji viriba, mbegu bora, mabomba ya kumwagilia kitaluni, na nauli ya mtu wa kupita kwenye jumuiya mwezi Agosti, wakati hakuna sherehe wala picha. Mkitusaidia Agosti, Desemba tutajitegemea wenyewe.

Wapendwa katika Kristo, mtunzaji wa kwanza katika Biblia aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2. Hakupewa panga kwanza. Majilio haya, tunaporudi kwenye jumuiya zetu, tuanze na yale yaliyo karibu: kopo, samadi, mche mmoja, na mtoto mmoja mwenye kikombe. Shimo lichimbwe sasa, mvua ikiwa inaendelea.

Tunawatakia Majilio mema na Noeli yenye amani. Mungu awabariki sana, awabariki na watu wa Hanang wanaoendelea kujenga upya maisha yao.

Tumsifu Yesu Kristo!